Kiti Kigumu cha Bosi

"Nauliza tena, mama. Kiti cha mtoto kiko wapi?"

"Na mimi najibu tena. Kiti gani? Humu ndani mna viti vya kukalisha jeshi zima na wake zao."

"Kile cha mbao. Chenye mikanda."

"Aa, kile cha kunyongea watu."

Fundi alishusha pumzi kwa pua kama pasi ya mkaa iliyomwagiwa maji. Alikuwa amesimama katikati ya karakana yake ya makochi, nyundo mkononi, vipande vya uzi vimemganda kwenye nywele, macho yamemtoka. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni na gunia la sponji chakavu katikati ya magoti, akinyofoa vipande vidogo vidogo vya kujazia mito. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale karakanani, na aliifanya kwa bidii ya ajabu kila alipokuwa na kosa la kuficha. Asubuhi ile alikuwa akinyofoa mpaka sponji lilikuwa likipaa hewani kama manyoya ya kuku.

"Mama, mwalimu mkuu anakuja. Si kesho, si mwezi ujao, anakuja asubuhi hii hii. Alisema kwa kinywa chake kwamba akimkuta mtoto amekaa wima na anamjibu, anamwandikisha. Akimkuta vile alivyomwona siku ile mapajani kwangu, kichwa kimelala na mate yanamtoka, basi tena. Na leo ndiyo wanafunga kuandikisha. Ulikuwepo, ulimsikia."

"Nilimsikia vizuri. Na mtoto si amekaa huyo?"

"Huyo hajakaa. Huyo amezama."

Wote wawili wakamgeukia aliyekuwa akigombewa. Msichana wa miaka saba, mwembamba, macho makubwa, alikuwa amewekwa kwenye kochi la watu watatu, lile laini kuliko yote dukani, na mito kumzunguka pande zote. Kiuno kilikuwa kimemteleza mbele, mgongo umepinda kama ndizi, kidevu kimegota kifuani. Mkono mmoja ulikuwa umejikunja hadi begani na kugoma kushuka. Kilichobaki huru mwilini mwake ni macho, na hayo yalikuwa yakitoka kwa mama yanakwenda kwa bibi na kurudi, kama ya mtu anayetazama mpira na hana upande.

Jina lake kwa watu wote lilikuwa Bosi. Bibi yake ndiye aliyempa. Alisema mtu ambaye popote aendapo anabebwa, akitaka kula analishwa, akikohoa mara moja tu wazima watatu wanagongana vichwa kumkimbilia, mtu huyo kama si bosi ni nani?

Sasa huyo Fundi, mama yake Bosi, hakuwa mtu wa kuchezewa. Katika safu nzima ya karakana za makochi barabara ile, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Kazi alirithi kwa mjomba wake, mtu mfupi mwenye mikono kama makoleo, aliyemfundisha neno moja tu: mteja hanunui kochi, ananunua usingizi. Kwa hiyo Fundi akatengeneza makochi ya usingizi. Alipanga springi, akatandika gunia, akalaza sponji juu ya sponji, akavuta kitambaa mpaka kikalia kama ngoma. Inasemwa bwana mmoja mnene alikuja kujaribu kochi lake, akazama. Mkewe akapita barabarani akimwita, akaulizia hospitali, akaulizia kituo cha polisi, na mwishowe sauti ikatoka katikati ya mito ikamwambia aende nyumbani akapike, yeye alikuwa bado anajaribu. Wapo wanaoapa kwamba walishika kamba iliyomtoa. Tangu siku hiyo makochi ya Fundi hayakukaa dukani yakapigwa na vumbi.

Mimba ya Bosi aliibeba akigonga misumari mpaka uchungu ulipomshika. Uchungu wenyewe ulikuja ukakataa kwisha. Ukamkamata jua likichomoza, jua likatua, likachomoza tena, na mtoto bado yuko njiani. Alipotoka, kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni, ngozi imegeuka rangi ya wino, na hakulia. Alilegea kama nguo iliyolowa. Mkunga hakupoteza hata nusu ya neno. Alimweka mezani, akamkausha, akamfunika pua na mdomo kwa kikombe cha plastiki chenye mfuko wa mpira, akawa anabinya na kuachia, anabinya na kuachia, hewa inaingia kwa nguvu ya mkono wa mtu mwingine.

Mama mkwe aliyaona yote hayo kwa macho yake. Mlinzi wa wodi, mwenye mwili wa kabati, alimzuia, naye akapita chini ya kwapa lake. Husimulia kwamba alisimama pale mlangoni akamvutia mjukuu wake pumzi, akavuta, akavuta, mpaka mapazia ya wodi yote yakaelekea upande wake na mgonjwa wa kitanda cha pembeni akaomba aachiwe hewa kidogo. Mwishowe mtoto akatoa sauti, ndogo, kama mlango uliokosa mafuta.

Siku zilizofuata alipata degedege. Kunyonya hakuweza, akalishwa kwa mpira uliopita puani. Daktari akamwita Fundi, akakaa naye kitako, akamwambia ukweli bila kuuzungusha. Ubongo wa mtoto ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ile oksijeni, na sehemu zinazoamrisha misuli zimeumia. Hazitarudi kama zilivyokuwa. Kwamba ameumia kiasi gani, ataelewa nini na atashindwa nini, hilo hakuna awezaye kulisema leo, litaonekana anavyokua. Baadaye likaja na jina lake, utindio wa ubongo.

Mtaa nao ulikuwa na majibu yake. Mmoja alisema mama alikula kitu akiwa mjamzito. Mwingine akasema alitazama kitu. Jirani mmoja akataka kujua jambo hilo limetokea upande gani wa ukoo, ili ajue pa kupeleka pole. Fundi alikuwa na jibu moja kwa wote.

"Ubongo ulikosa hewa. Basi. Hata wako ungekosa ungeumia, na sina hakika kama haukukosa."

Wakamshauri amweke chumba cha nyuma wateja wanapokuja. Yeye akamweka mbele kabisa, penye mwanga, pembeni ya kochi la maonyesho. Mteja mmoja akaomba mtoto aondolewe kidogo ili alione kochi vizuri. Fundi akamwondoa mteja.

Lakini na yeye alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtengeneza makochi. Mtu wa kazi nyingine asingelifanya kwa ustadi ule. Mtoto alipofika umri wa kukaa na asikae, Fundi alifunga duka, akamtengenezea kiti. Si kiti, ni ufalme. Sponji la daraja la kwanza, pamba juu yake, kitambaa cha mahameli, mikono minene, mgongo unaomeza. Alimweka mwanawe humo na moyo wake ukatulia. Mtoto akapotea humo ndani kama sarafu kwenye mfuko. Akawa anakakamaa, anarusha miguu, anateleza. Kila akilishwa, chakula kilimpalia akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Fundi akaona kiti bado ni kigumu, akaongeza sponji.

Alikibeba kiti kile mpaka kliniki, kichwani, barabara nzima inamtazama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye sauti ya kamanda, alikizunguka mara mbili.

"Nani katengeneza hiki?"

"Mimi," Fundi alisema, kifua mbele.

"Kizuri sana. Kitamuua."

Halafu akamweleza. Mwili huu misuli yake haipati amri sawasawa. Ukiuweka kwenye laini, hauna pa kushika. Nyonga zinateleza, mgongo unapinda, kifua kinajikunja, pumzi inakosa nafasi, chakula kinapita njia ya hewa. Kichwa kinaanguka. Na mtoto ambaye kichwa chake kimeanguka, watu wanadhani ndani yake hamna mtu. Mtengenezee kigumu, akamwambia, cha pembe mraba, miguu ikanyage, kiuno kifungwe.

Fundi alinuna njia nzima ya kurudi. Alinuna mpaka jioni. Halafu, ili amkomoe yule mama, alichukua ubao mtupu, akaupigilia ubao mwingine wa mgongo, akamweka Bosi na kumshika kiuno, apate ushahidi kwamba mtoto atalia. Bosi hakulia. Kichwa kikapanda polepole, kikayumba, kikasimama. Akamtazama mama yake usoni, wima kwa wima. Fundi alizoea kuyaona macho yale kutoka juu tu, kama mtu anayechungulia kisima. Alikaa chini kwenye takataka za mbao, na kilichompata pale hakumsimulia mtu.

Basi akatengeneza kile kiti. Mbao, kipande chembamba cha sponji gumu, pa kukanyaga, vishikio viwili pande za kichwa, meza ndogo mbele, mkanda wa kiunoni na mkanda wa kifuani. Mjomba wake angekiona angekitemea mate. Na ni kwenye kiti hicho Bosi alianza kujibu. Macho juu, ndiyo. Macho kufumbwa kwa nguvu, hapana. Unataka maji? Macho juu. Nikunyanyue? Yakafumbwa. Fundi na binti yake wakawa na mazungumzo yao.

Mama mkwe yeye hakuyaona hayo hata siku moja. Kila Fundi aliposhika mkanda, bibi alichukua gunia lake akatoka nje uani, akakaa kule akiukodolea macho ukuta mpaka mikanda ifunguliwe.

Na sasa kiti hakipo.

"Mama. Mwanao yuko safarini na lori lake, akirudi nitamweleza nini? Sema."

Bibi alinyofoa kipande cha sponji, akakitazama, akakirudisha.

"Nimempa Cheka Kidogo."

Cheka Kidogo alikuwa mpiga picha wa milango michache kutoka pale, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya neno analowaambia wateja wake.

"Mpiga picha ana mtoto gani wa kukaa kwenye kile kiti?"

"Hana. Anapiga watoto picha za pasipoti. Kile kiti kinawanyoosha shingo. Anasema tangu akipate jana, vichanga vyote vinatoka kama mabalozi."

"Akakupa nini?"

Jicho la bibi lilikimbilia ukutani nyuma ya mlango, na Fundi akalifuata. Kulikuwa na picha kubwa, fremu ya dhahabu, imefunikwa na kipande cha kitambaa cha kochi. Akakivuta. Mama mkwe wake, mkoba kwapani, miwani ya jua usoni, alikuwa anapanda ngazi za ndege. Mkono mmoja aliupunga kuwaaga watu wasioonekana.

"Unakwenda wapi hapo?" Fundi aliuliza.

"Naondoka," bibi alisema. "Watu wengine hawana shukrani."

Fundi alichomeka koleo mfuko wa nyuma wa suruali, akamnyanyua Bosi kutoka kwenye mito, akamtupia begani kifua kwa kifua kama alivyozoea, akatoka. Bibi alitaka kubaki, lakini ugomvi ulikuwa unaondoka bila yeye, akatupa gunia akaufuata.

"Utamwangusha mjukuu wangu."

"Sijamwangusha miaka saba."

"Mke mwenzangu, mwambie mama yako apunguze mwendo," bibi alimwambia Bosi, ambaye uso wake ulikuwa ukining'inia nyuma ya bega la Fundi. Alipenda kumwita hivyo, mke mwenza, na kumlaumu kwamba amemnyang'anya mume. Bosi alitoa mguno mrefu. "Umemwona? Hata yeye anachoka na wewe."

"Huyo anacheka, mama."

"Wewe kila kitu unasema anacheka."

Studio ya Cheka Kidogo ilikuwa chumba kimoja chenye taa mbili, kioo, benchi la wateja, na pazia lililochorwa ndege yenye ngazi zake. Mbele ya pazia kilikuwa kile kiti, na kwenye kile kiti alikuwa amekaa kichanga mmoja mnene kama mkate, amefungwa mikanda, amenyooka, anatazama kamera kwa dharau ya waziri. Mama yake alikuwa pembeni na kitambaa cha kumfutia udenda.

"Cheka kidogo," mpiga picha alikuwa akimwambia.

"Malizia hiyo," Fundi alisema. "Halafu mfungue mtoto wa watu nichukue kiti changu."

Mpiga picha akageuka. Akamwona Fundi, akamwona bibi nyuma yake, akaelewa.

"Fundi, hii mali tulibadilishana. Mama alikileta mwenyewe, kwa miguu yake."

"Mama alikupa kisicho chake."

"Mimi nitajuaje? Kimetoka nyumbani kwenu. Na picha nimeitoa, fremu nimeitoa, ngazi za ndege nimemshika mkono asianguke, kumbe ni pazia. Nendeni mkaongee kama familia, mkishaelewana mje."

"Sina muda wa kuelewana."

Alimlaza Bosi kwenye mapaja ya yule mama wa kichanga, aliyejikuta anampokea bila kuulizwa, akapiga magoti mbele ya benchi la wateja. Benchi lile alilitengeneza yeye mwenyewe, ngozi nyekundu, sponji nene, vifungo vya kung'aa. Akalipindua, likaangukia mlangoni likaziba njia. Akachomoa koleo. Stepula ya kwanza, pini iliyoshika ngozi, ikatoka, tik. Ya pili, tik.

"Unafanya nini?"

"Kisichokuwa changu sichukui. Sponji ni langu, nilikuwekea la daraja la juu kuliko tulilopatana kwa sababu ulikuwa umefiwa."

"Fundi, tuzungumze kama watu wazima."

"Zungumza. Mikono yangu haina masikio." Tik.

Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja pembeni kama ganda la chungwa. Cheka Kidogo akatazama benchi, akatazama kiti, akapiga picha ya kichanga haraka haraka, kisha akafungua mikanda kwa mikono yake mwenyewe. Yule mama akachukua mwanawe, akamkabidhi Fundi wa kwake, akajibanza ukutani. Kuondoka alitaka, lakini benchi lilikuwa mlangoni, na kusema kweli hakuwa amefikia hatua ya kutamani sana kuondoka.

Fundi akamweka Bosi kitini. Nyonga nyuma kabisa. Miguu kwenye ubao. Akashika mkanda wa kiuno.

Bibi akageuka kutoka nje, kama kawaida yake. Akakutana na benchi. Akajaribu kulivuka, sketi ikanasa kwenye stepula. Akabaki pale amewapa wote mgongo.

"Mama, geuka."

"Sigeuki."

"Huwezi kukichukia kitu hujakitazama."

"Nilikitazama." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imetoka kwenye utani. "Nilikitazama alipozaliwa. Alikuja duniani kafungwa kamba shingoni. Nilikuwepo, wewe ulikuwa umelala hujijui. Niliona rangi aliyokuwa nayo. Kamba ilimharibu mtoto wetu, na wewe unamtengenezea kamba nyingine, kiunoni, kifuani, unamfunga mchana kutwa. Nikasema nikikiondoa hiki kiti, ataishi bila kufungwa. Ndiyo. Nilikipeleka mwenyewe, na kingekuwa kizito zaidi ningekiburuta."

Fundi alikuwa ameshika ncha ya mkanda. Miaka yote hiyo alidhani anagombana na ukaidi mtupu.

"Ile kamba ilimbana asipumue," alisema. "Hii inamshika apumue. Kule kwenye mito ndiko anakokosa hewa, mama. Kifua kinajikunja. Na mimi ndiye niliyemtengenezea mito, kwa mkono wangu, nikaongeza na sponji. Ukitaka mtu wa kumlaumu kwa hilo, nipo. Lakini shuleni anakwenda. Hatalelewa kama kochi la maonyesho, analazwa, anafutwa vumbi. Geuka."

Alifunga mkanda wa kiuno. Akafunga wa kifua. Kichwa cha Bosi kikapanda, kikayumba upande huu, kikayumba ule, kikatulia katikati ya vishikio.

Bibi akageuka, nusu.

Halafu akageuka mzima. Alisogea taratibu, akainama mbele ya kiti, uso kwa uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mbona ana sura ya babu yake," alisema. "Kumbe ana sura ya babu yake, na hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa unamwona utosi tu. Muulize kitu."

"Nimuulize nini?"

"Chochote. Macho juu ni ndiyo. Akiyafumba ni hapana."

Bibi akajikohoza. Alikuwa amezungumza na mtoto huyu maisha yake yote, lakini hakuwahi kungoja jibu.

"Mke mwenzangu. Kiti kinakuumiza?"

Bosi akafumba macho kwa nguvu, uso mzima ukakunjika.

"Hiyo ni taa ya Cheka Kidogo inamchoma."

"Uliza lingine."

"Mama yako ana kichwa kigumu?"

Macho yakapanda juu mara moja.

"Huyo mtoto ana akili," bibi alisema. "Na mimi je?"

Macho yakapanda juu, yakakaa huko huko darini, yakakataa kushuka. Cheka Kidogo akajidai anafuta kamera. Bosi alikuwa anatoa ule mguno mrefu, mabega yanatikisika, na safari hii hata bibi aliona kwamba ni kicheko.

Lakini bibi hakucheka. Alikuwa amekumbuka kitu, na kilikuwa kinamjia polepole.

"Ulikuwa unanisikia? Siku zote?"

Juu.

"Nilipokuwa nawaambia wageni kwamba masikini hajui kitu?"

Juu. Bibi akashika ukingo wa meza ndogo ya kiti. Alipiga magoti, mtu ambaye mtaa mzima umechoka kusikia habari za magoti yake. Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio la mjukuu wake, ingawa sauti yake haijawahi kujua kunong'ona.

"Hata ile habari ya sukari?"

Juu.

"Sukari gani?" Fundi aliuliza.

"Hayakuhusu. Haya ni ya wake wenza." Akajipangusa uso kwa kiganja, akainuka akishikilia mgongo wa kiti, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yule yule ila amebadili upande. Akauvuta mkanda wa kifua kwa vidole viwili. "Nani kafunga huu?"

"Mimi."

"Umelegea. Umefunga kama mtu anayefunga kiatu cha jirani. Mtoto atateleza mbele ya watu, tuonekane hatujui kazi. Sogea."

"Mama, ukikaza sana hautampa nafasi ya—"

"Sogea, nimesema. Nimemvutia pumzi huyu kabla yako." Akafungua, akapima nafasi ya vidole chini ya mkanda, akafunga upya, akarudi nyuma kutazama, akanyoosha kola ya gauni la mjukuu wake. "Na wewe, Cheka Kidogo, picha yako utaipata mchana. Fremu pia. Hiyo safari nimeiahirisha."

"Sawa, mama."

"Na benchi lako atalirudishia stepula. Hatuibi."

"Nani kasema nitalirudishia?" Fundi alisema.

"Mimi nimesema. Nyamaza, bado nakukasirikia, usidhani yamekwisha. Kiti chenyewe hakina hata rangi. Unampeleka mtoto shule na kiti kama jeneza la paka." Sasa alikuwa amepata moto, akitembea mbele ya ndege iliyochorwa, mgongo mlangoni, kidole hewani. "Na huyo mwalimu mkuu, niachie mimi. Wewe unaomba sana. Tafadhali mwalimu, samahani mwalimu. Hatuombi. Mtoto ubongo wake ulikosa hewa siku ile moja tu, haukukosa majibu. Na aulize. Akiuliza akajibiwa halafu akaniambia darasa halina nafasi, nitalibeba hili benchi kichwani mpaka kwenye ofisi yake, nitalipindua mlangoni, nitakaa juu yake, na nitamwambia, wewe mwanamke, kama hujui kusoma macho ya mtoto, basi mimi nisiyejua hata kusoma gazeti nitaku—"

Akaona hakuna anayemtazama. Fundi alikuwa amekakamaa na koleo mkononi. Cheka Kidogo alikuwa anatazama sakafu. Bosi tu ndiye aliyekuwa ameelekeza macho mlangoni, kichwa wima kati ya vishikio vyake, na alikuwa anamtazama mtu.

Mwalimu mkuu, aliyekosa mtu karakanani akafuata kelele, alikuwa amesimama nyuma ya benchi lililopinduka, sketi ameikusanya mkono mmoja, mguu mmoja tayari umeshavuka. Hakumtazama bibi, wala Fundi. Alikuwa anamtazama aliyekaa.